Shore wa Msituni: Mali Bila Daftari

Visiwa vyetu vina mali za namna mbili. Iko mali inayojulikana na kila mtu, ambayo hupimwa kwa mizani, huandikwa katika vitabu vya hazina na kutajwa katika hotuba za bajeti: karafuu, mwani, samaki na fedha za wageni. Na iko mali nyingine isiyokuwa na mizani wala stakabadhi, na kwa sababu hiyo watu huidhania kuwa haipo. Leo tunakusudia kuisemea mali hiyo ya pili, nasi tumechagua kipande chake kilicho kidogo kabisa, yaani ndege mmoja wa msituni ambaye uzito wake ni kiasi cha wakia moja tu.

Huenda msomaji akauliza kama gazeti halina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza, hata likashughulika na ndege asiyeliwa wala asiyeuzwa. Swali hilo ni la haki, na makala haya yote ni jibu lake. Tunamwomba msomaji avumilie mpaka mwisho, na hasa tunawaomba wale ambao kalamu zao hutia saini vibali vya kukata, kufyeka na kujenga.

NI NDEGE GANI?

Ndege huyo ni wa jamaa ya shore. Wataalamu humwita Eurillas virens, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake ni mwenye kuwa kijani. Kwa kuwa jina la shore hutumiwa kwa ndege kadhaa wa ukoo huo, sisi hapa tutamwita shore wa msituni. Urefu wake, tangu ncha ya mdomo hata mwisho wa mkia, ni kiasi cha sentimita 16 au 17. Mgongo wake ni wa kijani kilichofifia, kifua chake kina ukijivu, na mabawa na mkia huelekea hudhurungi. Mdomo wake ni mfupi, na jicho lake ni jeusi-jeusi. Kwa jicho hilo utamtofautisha na nduguye anayeonekana zaidi vichakani na mashambani, yule shore wa kijani mwenye jicho jeupe.

Si ndege wa kujionyesha. Makazi yake ni chini, katika vichaka na matawi yaliyosongamana, pahala ambapo jua hupenya kwa vipande. Lakini sauti yake haijifichi. Huanza kwa kunung'unika polepole, kisha huharakisha, sauti zikisukumana kama maji yanayobubujika kutoka mtungini, hata zikapanda juu na kukoma ghafla. Wengi wanaoishi kandokando ya misitu ya Unguja wamemsikia maisha yao yote pasipo kujua ni nani aimbaye.

Chakula chake ni wadudu na matunda madogo-madogo, kama yale ya mpesi na ya mikuyu. Matunda hayo humeza pamoja na kokwa zake ndogo, akaruka nazo, akaziangusha pengine. Hivyo ndivyo vichaka vinavyozaliwa upya katika pahala palipokatwa, bila ya bwana shamba wala kitalu. Kiota chake ni kikombe kidogo kinachosukwa kwa majani na nyuzinyuzi, karibu na ardhi, na kwa kawaida hutaga mayai mawili.

NDUGU ZAKE BARANI AFRIKA

Shore wa msituni, kwa ujumla wake, si wa Unguja peke yake. Ameenea tangu Gambia upande wa magharibi, kupitia misitu ya Kongo na Uganda, hadi magharibi ya Kenya. Na kwa upande wa kusini amefika Angola, Zambia, Malawi na Msumbiji. Ni katika ndege walio wengi sana katika misitu ya bara hili.

Aliyemwandika kwanza katika vitabu vya elimu ya viumbe ni Mmarekani John Cassin, wa mji wa Philadelphia, mwaka 1857, kutokana na ndege waliopatikana Cape Lopez katika nchi ya Gabon. Baada ya hapo, kila walipopimwa ndege wa nchi nyingine, ilidhihirika kwamba hawakuwa sawasawa kabisa. Mwaka 1858 Mjerumani Hartlaub aliwapa jina lao wale wa Afrika ya Magharibi. Mwaka 1894 Mwingereza Shelley aliwapa jina wale wa Zomba, Malawi, ambao ni wa kundi moja na wale wa mashariki ya Tanzania. Kisha, mwaka 1935, R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni katika visiwa hivi aliyekuwa na elimu kubwa ya ndege, akaandika kwamba shore wa msituni wa Unguja nao ni kundi la peke yake, akalipa jina la kisiwa. Leo jina hilo huandikwa Eurillas virens zanzibarica. Miaka 62 baadaye, mwaka 1997, jina kama hilo likatolewa kwa wale wa kisiwa cha Bioko, nje ya pwani ya Kamerun.

Makundi hayo ya ndani ya spishi moja ndiyo yanayoitwa nususpishi. Neno hilo ni geni kidogo, lakini mtu wa visiwani hatashindwa kulielewa, kwani mfano wake anao kinywani. Kiswahili ni kimoja. Hata hivyo Kiunguja cha mjini si Kipemba, Kipemba si Kitumbatu, wala Kitumbatu si Kimakunduchi. Mtu wa Micheweni na mtu wa Makunduchi wakikutana sokoni Darajani wataelewana, wala hapana atakayehitaji mkalimani. Lakini kila mmoja, kwa maneno machache tu, atajua mwenziwe ametoka wapi.

Spishi ni kama lugha, na nususpishi ni kama lahaja. Ndege wa nususpishi mbili wakikutana waweza kuzaana, kwani damu yao ni moja. Ila wamekaa mbalimbali muda mrefu hata wameanza kuachana kidogo-kidogo, katika urefu wa bawa, katika unene wa mdomo, katika ukolezi wa rangi au katika namna ya kuimba. Na kama ilivyo katika lahaja, mipaka yake haiko wazi siku zote, na wataalamu hubishana ni ipi inayostahili jina na ni ipi isiyostahili. Ubishi huo hauondoi ukweli kwamba tofauti ipo, na kwamba imechukua zama nyingi kufanyika.

BAHARI ILIPOPANDA

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Jibu lake ni historia ya kisiwa chenyewe, tena historia iliyotangulia kuja kwa majahazi ya kwanza.

Katika zama za barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda katika nchi za baridi. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita uso wa bahari ulikuwa chini kuliko sasa kwa mita zipatazo 120. Mkondo uliopo baina ya Unguja na bara una kina kidogo mno kuliko hicho. Kwa hivyo Unguja haikuwa kisiwa; ilikuwa ni ncha ya bara, na mnyama aliweza kuja kwa miguu. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawapo tena katika kisiwa hiki na ambao hawakuja kwa mashua. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, na yapata miaka 10,000 iliyopita njia ikakatika. Waliobaki upande huu wakawa watu wa kisiwani, wakubali wasikubali.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hicho kilitengwa tangu zama za mbali zaidi, kabla ya barafu hiyo ya mwisho. Ndiyo maana Pemba ina spishi nne kamili za ndege ambazo hazipatikani pengine popote duniani: ninga wake, bundi wake mdogo, chozi wake, na yule ndege wa rangi ya manjano mwenye duara jeupe jichoni. Mwaka 1941 Pakenham na mwenzake R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanyama wa nchi kavu wa Pemba, Unguja na Mafia, na tofauti hiyo ya visiwa ilikuwa ndiyo kiini chake.

Tukiitazama historia hiyo twaona kwamba Pemba imekwisha kuandika sura zake, na Unguja ndiyo kwanza imeanza. Shore wa msituni wa Unguja bado ni shore yule yule wa Afrika, lakini tayari ameanza kuwa wetu. Bioko nayo, katika bahari ya magharibi, ilikuwa sehemu ya bara katika zama hizo hizo za barafu, ikatengwa bahari ilipopanda. Nayo, kama Unguja, imepata shore wake mwenyewe wa namna hiyo hiyo. Visiwa viwili, kila kimoja upande wake wa Afrika, vimefanya kazi moja kwa ndege mmoja. Jambo hilo halikutendeka kwa amri ya mtu, wala hapana serikali yenye uwezo wa kulirudia likiharibika.

MAFUNZO KUTOKA KAMERUN

Kuna watakaosema kwamba tofauti ndogo namna hii ni mchezo wa wataalamu, wa kupima mabawa kwa rula na kubuni majina. Kwa bahati njema, ndege huyu huyu amechunguzwa sana, na yaliyoonekana yanafaa kujulikana na wenye kupanga matumizi ya ardhi.

Huko Kamerun, wachunguzi wakiongozwa na Thomas B. Smith waliwapima shore wa msitu mzito, na pia wale wa mahali ambapo msitu hukutana na mbuga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science. Ndege hao hawakutengwa na bahari wala mlima. Huhama na kuzaana. Juu ya hivyo, wale wa msituni na wale wa mpakani walionekana kutofautiana katika maumbo yao, kwa sababu maisha ya pahala pamoja si maisha ya pahala pengine. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hata katika nyimbo zao kulikuwa na vipimo vilivyotofautiana baina ya msitu na mpaka wake.

Maana yake ni kwamba ndege hufinyangwa na pahala. Kichaka chenyewe, na giza lake, na matunda yake, na adui zake, na kelele zake, ndicho kinachomfanya alivyo. Basi anayedhani kwamba aweza kufyeka msitu wote huku, akaacha kipande kimoja cha namna nyingine kule, na ndege akabaki yule yule, hajaelewa. Ukibadilisha nyumba umembadilisha mwenye nyumba, ikiwa hukumfukuza kabisa.

HESABU INAYODANGANYA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, shore wa msituni amewekwa katika daraja la viumbe ambao hali yao haitii wasiwasi. Orodha hiyo ni sahihi. Spishi iliyoenea tangu Gambia hadi Msumbiji haiko katika hatari ya kumalizika.

Lakini hebu tufikiri ofisa anayeletewa ombi la kufyeka eneo fulani. Ataifungua orodha, atalitafuta jina la kila kiumbe kilichotajwa, na akifika kwa shore wa msituni ataona kwamba hapana wasiwasi. Atatia saini, naye hakuvunja sheria yoyote. Kesho ombi lingine, keshokutwa lingine. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shore wote wa Unguja wametoweka. Je, orodha ile itabadilika? Haitabadilika. Ndege wa Kongo, wa Uganda na wa Kamerun wataendelea kuijaza hesabu, na sisi tutakuwa tumepoteza kitu chetu peke yetu huku vitabu vikisema kwamba hakuna kilichopotea. Lahaja ya kijiji ikifa, anayehesabu lugha tu hataona pengo.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana methali inayofaa zaidi jambo hili.

Wala hili si jambo la kufikirika tu. Chui ni spishi kubwa, imeenea Afrika na Asia. Lakini Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, ambaye Mwingereza Pocock alimwandika mwaka 1932 kuwa nususpishi ya peke yake. Katika kisiwa hiki chui huyo alihesabiwa kuwa adui wa mifugo, na zaidi ya hayo akahusishwa na wachawi. Akawindwa kwa miaka mingi, tena kwa kampeni. Ilipofika miaka ya 1990, wataalamu waliomtafuta hawakuweza kumthibitisha, na wengi wao wakamhesabu kuwa amekwisha kutoweka. Tetesi zinaendelea mpaka leo, lakini tetesi si mnyama. Katika muda wote huo duniani chui walikuwapo kwa maelfu. Hesabu ya dunia haikumsaidia kitu chui wa Unguja.

Ikiwa hayo yalimpata mnyama mkubwa ambaye kila mtoto alijua jina lake, ndege wa wakia moja asiyeonekana atakuwa na mtetezi gani?

MSITU WA CHINI

Unguja ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,660 tu. Ardhi yake yenye rutuba, upande wa magharibi, ilikwisha kufyekwa katika karne ya 19 kwa ajili ya mikarafuu na minazi. Mashariki na kusini ni nchi ya maweni, yenye udongo haba, na humo ndimo sehemu kubwa ya vichaka vya asili ilimosalia. Pamoja na hivyo kuna msitu wa Jozani, ambao mwaka 2004 ulifanywa Hifadhi ya Taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka. Kuna Masingini, juu ya mji. Na kuna Kiwengwa na Pongwe upande wa kaskazini mashariki.

Mgeni afikapo Jozani huinua macho juu kumtazama kima punju, naye ana haki, kwani mnyama huyo ni fahari yetu na hapatikani porini nje ya visiwa hivi. Lakini shore wa msituni haishi juu. Yeye ni wa msitu wa chini: miche, vichaka, mikunjo ya mizabibu-mwitu, matawi yaliyoanguka. Na msitu wa chini ndio unaotangulia kuondoka. Ndiko zinakotoka fito za kujengea, kuni nyembamba za kuwashia moto, na miti michanga inayochomwa makaa. Miti mikubwa yaweza kubaki imesimama, picha ikapigwa kwa mbali ikapendeza, na ndani mwake msitu ukawa mtupu kama nyumba iliyohamwa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mwananchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka kwa watu 586,204. Wote hao wanataka kula chakula kilichopikwa, na wote wanataka kulala chini ya paa. Mama anayetoka alfajiri kwenda maweni kutafuta kuni hafanyi hivyo kwa kuchukia ndege. Anafanya hivyo kwa sababu wanawe watarudi skuli na njaa. Anayeungua macho kwa moshi wa tanuu la chokaa naye hana kazi nyingine iliyomngojea. Ulinzi wa msitu unaoanza kwa kuwafukuza maskini huishia kwa kuwafanya maskini wawe wezi wa msitu.

Pana adui mwingine ambaye hakuzaliwa hapa. Kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji. Taka hawakuzimaliza, ila mayai na makinda ya ndege wadogo wanayajua vyema. Katika miaka ya 1990 ilifanywa kampeni ya kuwapunguza, na matunda yake yalionekana. Lakini kunguru ni kama magugu, ukiacha kulima hurudi. Kila njia mpya inayopasuliwa msituni, na kila jaa linaloachwa wazi kando ya hoteli, humkaribisha kunguru ndani ya vichaka ambamo zamani hakuthubutu kuingia.

TUNAYOSHAURI

Gazeti halina msitu wala bunduki; lina ushauri tu. Nasi tunautoa kwa heshima kwa wizara inayohusika na misitu, kwa Baraza la Wawakilishi, kwa wakuu wa wilaya na kwa masheha.

Kwanza, liwekwe daftari. Ndege wa msitu wa chini hahesabiwi kwa kuonekana bali kwa kusikiwa. Mhesabuji husimama alfajiri katika pahala palipowekwa alama, husikiliza kwa dakika chache zilizopangwa, huandika kila sauti aliyoitambua, kisha huenda pahala pa pili. Mwaka unaofuata hurudi katika mwezi ule ule na pahala pale pale. Kazi hiyo yahitaji saa, daftari na masikio yaliyofunzwa, na masikio hayo yapo tele katika vijiji vya Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakishirikiana na vijana wa vijiji hivyo, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini.

Pili, nususpishi za visiwa hivi ziandikwe kwa majina yao katika kila tathmini ya mazingira. Asiandikwe shore wa msituni kwa jumla, bali shore wa msituni wa Unguja; wala shorobo kwa jumla, bali shorobo wa Unguja, ambaye naye alipewa jina na Pakenham mwaka 1938. Ofisa akiliona jina la kisiwa chake limeandikwa mbele yake, kalamu itasita kidogo, na kusita huko ndiko tunakokutaka.

Tatu, Sheria ya Misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, inaruhusu mikataba baina ya serikali na wananchi wa kijiji juu ya kusimamia msitu wao. Mikataba ya namna hiyo imekwisha kufanywa, na mradi wa HIMA ulioanza mwaka 2010 uliisukuma mbele. Tunashauri kwamba mikataba hiyo isiseme habari za miti mikubwa tu. Itenge pia vipande vya vichaka visivyoguswa kabisa, na itenge ukanda wa vichaka unaounganisha kipande na kipande. Ndege anayeishi katika giza la majani haoni raha kuvuka uwanja mtupu. Msitu uliokatwa vipande-vipande ni visiwa ndani ya kisiwa.

Nne, tunapopanda miti tupande na ya asili. Misaji na mivinje ina kazi yake, na mwenye kutaka boriti hatatulia bila ya kupewa boriti. Lakini shamba la mivinje ni kimya. Penye mpesi, mikuyu na mizambarau ya kienyeji, ndege huja wenyewe, nao hupanda iliyobaki bila ya kulipwa.

Tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote, jiko la mwananchi lipatiwe moto mwingine. Kadiri gesi na umeme vitakavyokuwa nafuu kwa mtu wa kipato cha chini, ndivyo panga litakavyopumzika. Hapana askari wa msitu anayeweza kushindana na chungu kinachongoja kuchemka.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Tunarudi kwenye lile swali la mwanzo: ndege huyu asiyeliwa wala asiyeuzwa ana faida gani?

Iko faida ya karibu. Vichaka vinavyomtunza ndivyo vinavyoshika udongo haba wa maweni usipeperuke. Msitu wa Masingini unalinda ardhi inayofyonza mvua kwa ajili ya maji ya mji, na tangu zama za Sayyid Barghash wenyeji wa mjini wamekunywa maji ya chemchemi za upande wa Bububu. Panapoimba shore wa msituni, ujue msitu wa chini ungali hai. Aliponyamaza, nenda ukatazame, utakuta kuna kilichokwisha kuondoka. Kwa ofisa wa misitu huyo ni mtumishi asiyedai mshahara, anayetoa ripoti kila alfajiri.

Iko na faida ya mbali zaidi, ambayo haitiwi katika mizani. Mataifa makubwa yana mito mirefu na milima yenye theluji. Sisi tuna kisiwa kidogo chenye historia ya miaka elfu kumi ya kuwa peke yake, na historia hiyo imeandikwa katika mwili wa paa nunga, katika manyoya ya shorobo na katika koo la ndege wa kijani asiyeonekana. Mtu aweza kusafiri kutoka Gambia mpaka Msumbiji akasikia shore wa msituni kila anapopumzika, lakini wa Unguja hatamsikia mpaka aje Unguja.

Serikali imekwisha kuonyesha, kwa kima punju na kwa Jozani, kwamba inaweza kulinda inapoamua kulinda. Tunachokiomba sasa ni kwamba mkono huo huo uinamishwe chini kidogo, ufike vichakani. Daftari la kwanza laweza kufunguliwa katika msimu huu wa masika, na sisi tutakuwa wa mwanzo kuwapasha wananchi habari zitakazoandikwa ndani yake. Tunangoja kusikia kutoka kwa wahusika.